Kuchomoa mfukoni kwenye gemu, faida yake haiko kwenye hela

Kuna dogo wa Tandika kaniandikia, swali lake naliweka hapa kwa ufupi ili anayesoma asipotee: "Kaka shikamoo. Nimeanza kucheza Skyrim, ile gemu ya mapanga na dragoni, kwenye laptop ya mtumba niliyonunua Kariakoo, nipo leveli ya 12 na nimelimbikiza pointi sita za perki (zile za kununulia uwezo wa ziada) sijazigusa. Nataka niziweke kwenye kuchomoa mfukoni ila washkaji wananiambia ni kutupa pointi, eti unaambulia sarafu kumi na tano afu walinzi wanakukimbiza mji mzima. Hii skili ina faida kweli au niachane nayo? Halafu dada angu mwaka jana walimchomolea simu kwenye daladala, akinikuta nafanya hivo kwenye gemu ananuna. Nifanyaje?"

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri sana na nimelipenda kwa sababu ni watu wachache wanauliza kabla ya kuweka pointi, wengi wanakuja kibandani kwangu Sinza washaharibu karakta mpaka wanataka kuanza upya.

Ntaanza na washkaji zako. Wao wamehesabu kitu kimoja tu, hela iliyomo mfukoni mwa mtu unayepishana nae sokoni, na kwa hesabu hiyo wako sahihi kabisa, mkulima wa Skyrim ana visarafu vichache na pengine kipande cha mkate, ukiweka pointi sita kwa ajili ya kumwibia mkulima umejidhulumu. Ila mfuko wa mtu kwenye gemu hizi haubebi hela tu. Unabeba funguo, unabeba barua, unabeba silaha aliyokusudia kukuulia, na kuna watu ambao mfuko wao unajaa hela kwa sababu WEWE ndo umeijaza. Hao ndo nataka tuanze nao maana hapo ndo penye utamu wote.

Skyrim ina walimu. Unamlipa mtu dhahabu anakupandisha skili moja, mara tano kwa kila leveli yako, na bei inapanda kadiri skili yako inavyopanda, mpaka ukifika juu huko unajiona kama unalipa ada ya shule ya binafsi. Sasa ile dhahabu unayomlipa haipotei hewani, inaingia mfukoni kwake. Kabisa, ipo pale pale, amesimama nayo. Unamaliza somo, unazunguka nyuma yake, unanyata, unaichomoa. Umesoma bure.

Pengine unamjua Faendal wa Riverwood, yule anayefundisha upinde mpaka 50. Ukimsaidia kwenye ishu yake ya mapenzi na Camilla anakubali kukufuata, na akishakua mfuasi wako unafungua mzigo wake unachukua hela yako bila kuiba chochote, huo mchongo karibu kila mtu anaufahamu. Lakini ni wachache wanaojiuliza, je na wale walimu ambao hawanifuati? Kuchomoa mfukoni ndo kunageuza walimu wengine wote kua kama Faendal. Nenda mji wa Whiterun, jiunge na Companions, lile kundi la wapiganaji, pale nyumbani kwao Jorrvaskr utamkuta Aela wa upinde anayekufikisha 75, Farkas wa deraya nzito na Vilkas wa silaha za mikono miwili hao wanakufikisha 90, Athis wa upanga wa mkono mmoja, Njada wa ngao. Walimu watano nyumba moja! Na wote usiku wanashuka chini kulala. Hilo la kulala likumbuke, ntalirudia.

Afu kuna jambo jingine ambalo linafanya mchongo huu uwe mtamu maradufu. Skili ya kuchomoa inapanda kulingana na thamani ya ulichochomoa. Sarafu kumi za mkulima zinakupandisha kidogo sana, ila dhahabu mia kadhaa za mwalimu zinakurusha. Skili ikipanda, leveli yako inapanda, leveli ikipanda unapata masomo mengine matano, unalipa tena, unachomoa tena. Ni gurudumu. Watu wanaosema skili hii inapanda polepole ni kwa sababu wanachomoa mikate.

Tuje kwenye jinsi uwezekano unavyohesabiwa maana hapa ndo wengi wanapokamatwa. Gemu inakuonyesha asilimia juu ya kila kitu kilichomo mfukoni. Hiyo asilimia inashuka kitu kikiwa na thamani kubwa, inashuka kikiwa kizito, inapanda skili yako ikiwa kubwa, na inapanda mwenye mali akiwa hajakuona. Na ina dari: 90. Ata ukifika skili ya 100 na perki zote, viatu vya uchawi na dawa juu, haizidi 90. Maana yake kila mara unapoingiza mkono, angalau mara moja kwa kumi utadakwa, na hii gemu ukikosa umekamatwa hapo hapo, hakuna kukosa kimya kimya.

Sasa piga hesabu. Ukichomoa vitu vitano kwa mtu mmoja, kila kimoja kwa asilimia 90, uwezekano wa kutoka salama na vyote vitano ni kama asilimia 59. Vitu kumi? Ni 35 tu. Kwaio yule anayekwambia "nilikua na tisini nikakamatwa, gemu inadanganya" hajadanganywa, kafagia mfuko mzima mpaka vijiko. Chukua kimoja, kile kilichokuleta, ondoka. Nimewaambia vijana hili mara nyingi na bado naona mtu anarudi kuchukua kitunguu.

Hapo hapo kuna mtego kwenye mwalimu. Rundo la dhahabu linahesabiwa kama kitu kimoja chenye thamani ya rundo zima. Ukisoma masomo yote matano afu ndo uje uchomoe, rundo limekua kubwa na asilimia imeanguka, labda umebaki na 20. Ukichomoa baada ya kila somo rundo ni dogo na asilimia ni nzuri, ila umeingiza mkono mara tano badala ya moja. Mi nafanya hivi: skili ikiwa chini ya 50 nachomoa kila baada ya somo, nikishakua na uzoefu naacha masomo mawili yajikusanye. Tazama namba kwenye kioo, ikiwa chini ya 70 usijaribu ata kama unatamani.

Na sasa kulala. Kwenye mti wa perki za kuchomoa ya kwanza ni Light Fingers, ina hatua tano, kila hatua inaongeza asilimia 20 mpaka 100. Inayofuata ni Night Thief, inataka skili 30, na inakuongezea 25 mtu akiwa amelala. Ishirini na tano nzima! Kwa pointi moja. Ndo maana nikakwambia wale watano wa Jorrvaskr wanashuka kulala: unawalipa mchana, unakaa unasubiri kwa kile kitufe cha kusubiri mpaka saa nane za usiku, unashuka ngazi taratibu, unapita kitanda kwa kitanda unachukua ada yako. Mara ya kwanza nilipofanya hivo moyo ulikua unadunda kama naibia kweli, nimekaa gizani na taa nimezima maana nilitaka nisikie hatua za watu kwenye spika.

Hilo la ratiba ya watu ndo faida ambayo mi naipenda kuliko zote na sijaona watu wakiisema. Mpiganaji wa panga anaingia mjini, anauza vitu, anatoka, hajui nani ni nani. Mchomoaji lazima ajue huyu mama anafungua genge saa ngapi, jioni anakwenda kunywa wapi, analala nyumba ipi, mlinzi wa pale mlangoni anageuka lini. Gemu za Bethesda, watengenezaji wa Skyrim, zimewekewa ratiba, kila mtu ana maisha yake, na ukicheza bila kunyata nusu ya hiyo kazi hujawahi kuiona. Nilianza kuujua mji wa Riften pale tu nilipoanza kuwafuata watu wake nyuma.

Funguo sasa. Kuna milango na makasha ambayo yameandikwa yanahitaji ufunguo, hapo ata uwe fundi wa kuchokonoa kufuli namna gani huyafungui. Ufunguo uko mfukoni kwa mtu. Ni kitu kisicho na uzito, asilimia yake mara nyingi ni nzuri, na ukishaupata mlango unafunguka kila siku bila kuvunja kijiti ata kimoja. Ipo perki inaitwa Keymaster kwenye skili 60 inayofanya ufunguo uchomoke karibu kila mara, ila inabidi upitie Cutpurse kwanza, kwako wewe wa leveli 12 bado mapema.

Ukishafika skili 50 kuna Extra Pockets. Hii inakuongezea uwezo wa kubeba mzigo 100. Unaanza gemu na 300, kwaio ni theluthi nzima umeongezewa, kwa pointi moja, na haihusiani kabisa na kuiba! Ata mtu ambaye hataki wizi, anayevaa deraya nzito na kubeba mapanga manane ya kuuza, hii perki inamfaa. Ili uifikie unahitaji Light Fingers moja na Night Thief, basi. Pointi tatu. Waonyeshe washkaji zako hiyo halafu uwaulize ni mti gani mwingine unatoa mia kwa bei hiyo.

Kuchomoa kuna upande wa pili, kupachika. Utaujua kwa Brynjolf pale sokoni Riften, kazi ya kwanza anakutuma uibe pete ya Madesi uipachike mfukoni kwa Brand-Shei, huyo ndo mlango wa kuingilia Thieves Guild, chama cha wezi. Ila ukiwa na perki ya Poisoned, skili 40, unaweza kumpachika mtu sumu mfukoni ikamdhuru kimya kimya bila kuchomoa upanga. Huko juu kabisa kuna Misdirection kwenye 70, unachomoa silaha aliyoishika mtu mkononi, na Perfect Touch kwenye 100, unamvua ata deraya aliyovaa. Fikiria jambazi anaamka kukupiga anakuta hana rungu. Kwa uchezaji wa kawaida huko juu huhitaji kufika, nakwambia tu ujue vipo.

Ukikamatwa je? Deni la kuchomoa ni dhahabu 25 tu kwenye eneo hilo, kuua mtu ni 1000, kwaio walinzi hawakukimbizi mji mzima kama washkaji wanavyotia chumvi, labda kama na wewe umechomoa upanga. Ila ukilipa au ukienda jela vitu vya wizi ulivyobeba vinachukuliwa, na ukikaa jela zile hatua ulizoanza kupanda kwenye skili zinapotea. Dhahabu yenyewe haiwekwi alama ya wizi, pete na vito vinawekwa, na muuza duka wa kawaida hanunui vitu vyenye alama. Ukishaingia Thieves Guild kuna Tonilia anayenunua, na viatu vya guild vinakuongezea asilimia 15 kwenye kuchomoa. Vivae tu wakati wa kazi, si lazima utembee navyo.

Kuhusu kusevu. Kwenye laptop F5 unasevu, F9 unarudi ulipokua, na kila mtu anafanya hivo kabla ya kuingiza mkono. Mi sikukatazi. Ila nakushauri usirudi kwenye sevu kila unapokosa, kubali kosa la 25, lipa, tembea, maana ukifuta kila kosa ile hofu inayofanya skili hii iwe tamu inakufa na unabaki unabonyeza F9 kama unasubiri basi. Kusevu kwenyewe usiache kamwe, kwetu umeme ni umeme, nshapoteza usiku mzima wa Jorrvaskr kwa sababu mtaa mzima ulizimika nikiwa kitanda cha nne na betri ya laptop ilikua mbovu. Tangu siku hiyo F5 ni kabla ya kila ngazi.

Na tahadhari kubwa moja. Skyrim maadui wanapanda na wewe. Ukipanda leveli kumi kwa kuchomoa tu bila kujua kupigana, utatoka nje ya mji ukutane na watu wa leveli yako mpya wakati mkono wako wa upanga bado ni wa leveli ya zamani, utalia. Ndo maana masomo unayoyachukua bure yaelekeze kwenye kupigana, upinde, ngao, deraya, chochote unachotumia. Usichukue masomo ya kuongea na kuchokonoa kufuli. Mwizi anayejua kuiba tu hafiki mbali kwenye gemu hii, dragoni hana mfuko.

Sijui kama utabaki Skyrim milele, kwaio niguse na nyingine maana skili ni ileile ila kila gemu inaipima kivyake.

Asili yake yote ni mezani, kwenye gemu za kukaa na wenzako mkirusha dadu. Dungeons & Dragons ilipata daraja la mwizi, yaani aina ya karakta, mwaka 1975, na kwenye kitabu cha wachezaji cha 1978 mwizi wa leveli ya kwanza alikua na asilimia 30 za kuchomoa. Kilichonivutia kwenye sheria zile ni kwamba kukosa hakukua na maana ya kukamatwa. Ukikosa kwa kidogo hupati kitu lakini mwenye mfuko hajui, ukipitiliza kwa 21 au zaidi ndo anashtuka. Kulikua na nafasi katikati. Skyrim ikaiondoa hiyo nafasi, na mi naona ilikosea, kwa sababu mtu halisi anaweza kusita mkono ukiwa karibu ya mfuko akaurudisha.

Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 inatumia dadu ya pande 20. Kila kitu kina namba unayotakiwa kuifikia, inapanda na thamani na uzito, unarusha dadu unajumlisha ujuzi wako wa mikono. Chukua Astarion, yule mwizi wa timu yako, wepesi wake 17 unampa 3, mpe utaalamu maradufu kwenye kuchomoa unakua na 4 nyingine, jumla 7. Kitu cha namba 15 anahitaji dadu ianguke 8 au zaidi, hiyo ni asilimia 65. Sasa mvalishe zile glovu anazouza muuzaji mmoja anaitwa Brem, zinazomwezesha kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa, 65 inaruka mpaka karibu 88. Glovu tu! Mwenzio akimbariki na kile kiuchawi kidogo cha Guidance anaongeza tena mpaka 4. Ndo maana kwenye gemu ile mtu mwenye mchomoaji mzuri hanunui dawa za kujitibu, wala mishale, wala vitabu vya uchawi, anachukua kwa wauzaji na wauzaji wanajaza tena mzigo kila timu ikilala. Ata Withers, yule wa kambini anayekubadilishia daraja kwa dhahabu 100, hiyo mia unaweza kuichomoa ikarudi kwako.

Mbinu ya Baldur's Gate 3 ambayo lazima uijue ni kugawana kazi. Mmoja anaongea na muuzaji, huyo muuzaji anasimama hatikisiki, mwingine anamzunguka nyuma. Ukimaliza mchomoaji aondoke mbali kabisa kwa sababu baada ya muda mfupi mwenye mali anagundua anaanza kutafuta, akikuta mtu wa timu yako karibu anamhoji yeye. Tuma mwizi kambini, wengine wabaki wanashangaa bei za nguo.

Watengenezaji ni walewale wa Divinity: Original Sin 2 ya 2017, na huko waliweka sharti ambalo linakufanya ufikiri: kila karakta wako anaweza kumchomolea mtu mmoja mara moja tu basi, na skili yako inaweka kikomo cha uzito na thamani utakayotoka nayo. Kwaio humchomolei fundi wa panga mapema ukiwa na skili ya kitoto, unamsubiri mpaka atakapokua na kitu cha maana. Ukishapata meli kuna kioo kinachokuruhusu kupanga pointi upya bure, watu wanaweka kila kitu kwenye wizi, wanasafisha mji, wanarudi kwenye kioo wanakua wapiganaji tena. Mi hiyo ya kioo naiona imezidi, inaondoa uzito wa kuchagua.

Kwa wenzako wasio na laptop, Old School RuneScape ipo kwenye simu tangu 2018. Kuchomoa huko ni skili ya hatua 99, ila ni ya wanaolipia uanachama, akaunti ya bure haina. Unaanza na raia wa kawaida, sarafu tatu tatu, ukikosa unapigwa butwaa sekunde tano unasimama kama mlingoti. Faida yake kubwa iko hatua ya 38, yule mkulima mkuu, yeye hatoi hela anatoa mbegu, na mbegu zinakwenda kwenye kilimo, kilimo kinatoa majani, majani yanakua dawa. Unaona, bado ni kitu kilekile, hela sio hoja, hoja ni kwamba mfuko wa mtu unafungua skili nyingine.

Gemu nyingine haina kabisa skili hii, The Witcher 3 kwa mfano, unapekua makasha na kabati za watu lakini mfukoni huingii. Usitafute.

Sasa dada yako. Hili sitaki nilipite juu juu maana na mimi nimechomolewa, simu, kwenye msukumano wa kupanda gari jioni, na siku tatu nilikua nashika mfuko kila mtu akinigusa bega. Dada yako hanuni kwa sababu ya gemu, ananuna kwa sababu anaona mkono unaingia mfukoni na yeye mwili wake unakumbuka. Usimbishie kwamba ni gemu tu. Kwake sio gemu tu. Cheza hiyo sehemu akiwa hayupo, au mwonyeshe vizuri siku akiwa na utulivu, mwonyeshe kwamba huchomolei wamama wa sokoni, unarudisha ada kwa mpiganaji mwenye shoka. Na kama anataka kujua wenzetu wa mtaani wanafanyaje ili ajilinde, gemu imefanya vizuri sana jambo moja: inakuonyesha kwamba mchomoaji anahitaji uwe umetazama kwingine, na mwenzie wa kukuongelesha. Ule mtindo wa Baldur's Gate 3, mmoja anaongea mwingine anazunguka, ndo uleule wa mlangoni mwa daladala, mmoja anakuziba mbele anajifanya ameangusha chenji, mwingine yuko nyuma yako. Mwambie mtu akimzibia mlangoni bila sababu, mkono uende kwenye pochi kwanza ndo aulize kuna nini. Mi tangu nilipolijua hilo naweka simu mfuko wa mbele na kiganja juu yake mpaka nikae.

Haya, pointi zako sita. Light Fingers moja weka leo. Nenda kwa Faendal usome upinde, jichomolee ada yako mwenyewe taratibu, skili ikifika 20 weka Light Fingers ya pili, ikifika 30 weka Night Thief, hapo ndo ujiunge na Companions uanze kazi ya usiku. Ya nne itunze mpaka skili 50 uchukue Extra Pockets, usiitumie kwingine ata ukitamani. Ya tano weka Stealth kwenye mti wa kunyata, maana asilimia zote nilizokwambia zinakufa kama unaonekana. Ya sita weka Overdraw ya upinde ili ukitoka nje ya Whiterun usiliwe na mbwa mwitu.

Na ukifika chini kule Jorrvaskr anza na Farkas, usianze na Aela. Yeye anakufikisha 90 wakati Aela anaishia 75, na akilala yule jamaa ni wa kwanza ninayemwendea kila nikianza karakta mpya.